Msumari Usio na Kamba

Juma lililopita kijana mmoja wenu aliingia hapa kwangu, akavua kofia yake ya bodaboda na kuitundika kwenye msumari wa nane. Nilimfokea. Yeye alishtuka, na mimi nikashtuka zaidi, maana sikumbuki lini mara ya mwisho nilimfokea mgeni. Aliiondoa kofia yake taratibu, akaipakata mpaka alipoaga, na tangu siku hiyo hajarudi. Basi nimeketi niandike haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake mnaokuja kuziona injini zangu, msije mkadhani mzee Makokha amerukwa na akili. Msumari ule una habari yake.

Mnaujua ukuta wangu. Juu kuna rafu ya mbao yenye injini ndogo ishirini na tatu, na chini ya kila injini kuna msumari, na kwenye kila msumari inaning'inia kamba ya katani yenye mafundo. Msumari wa nane peke yake hauna kamba. Injini iliyo juu yake ni ya kijani, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: boneti yake imekatwa na kuinuliwa kwa kipande cha debe la mafuta ya kupikia, bila rangi, herufi za debe bado zinasomeka. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini siipaki rangi nami nimekuwa nikijifanya sisikii. Masikio ya uzee yana faida zake.

Injini hizi zote ni za aina moja, zile tulizoziita shanta. Shanta haiendi safari. Kazi yake ni ya uwanjani, kusukuma mabehewa huku na huku, kuyapanga na kuyatenga, ili injini kubwa ikija iyakute tayari, iondoke nayo watu wakiipungia mikono. Shanta hakuna anayeipungia. Labda ndiyo maana niliipenda, kwa sababu mimi nilikuwa fundi wa bati katika soko la Kakamega, mtu wa koroboi na faneli na ndoo zinazovuja, na koroboi nayo huwa haishukuriwi na mtu mpaka siku izimike.

Nilianza katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wazungu wa mashamba ya upande wa Lugari walikuwa wanafunga virago, na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mnada. Watu walinunua vitanda, matandiko ya farasi, mashine za kukamua maziwa. Mimi nilinunua sanduku moja la vitu vya watoto ambalo hakuna mwingine aliyelitaka, na ndani yake mlikuwa na shanta nne za bati, za kukazwa kamani, ile springi ya ndani, kwa ufunguo. Mbili zilikuwa zimekufa. Nilizirudisha uhai, nikaziweka mezani dukani, na siku ya tatu dereva mmoja mstaafu wa reli kutoka upande wa Butere akasimama mbele ya meza, akainua moja.

Akauliza, "Unaweza kugeuza hii ikuwe yangu?"

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Wafanyakazi wa reli walikuwa wanastaafu, injini zao zikipakwa rangi mpya au zikiondolewa kabisa, na kila mmoja alitaka kubaki na sura ya ile aliyoishi nayo. Mimi nilichukua vijigari vya kigeni nikavikata, nikavinyoosha, nikavibadilisha paa na madirisha na namba, mpaka mtu akiona aseme ndiyo hii. Dereva yule wa Butere aliirudisha yake mara ya kwanza, ana hasira. "Hii si yangu," alisema. "Yangu ilikuwanga na birika hapa nyuma." Kwa miaka yote alitundika birika lake la chai kwenye ndoano nyuma ya kibanda, na mimi sikuwa nimeuliza. Nilimtengenezea birika dogo kwa kifuniko cha soda. Alipoliona alitoa leso. Toka siku hiyo kabla sijashika mkasi wa bati nilikuwa namuuliza mtu kwanza: ulipoamka na kwenda kazini, jicho lako lilitua wapi?

Aliyenifundisha bati ni Mzee Rajabu, mtu wa Mumias, aliyekuwa na kibanda karibu na changu. Hakuingia mahali popote bila kutoa salamu kamili, na hakuketi mpaka umeijibu kamili. Yeye ndiye aliyenipa kanuni ya vipimo. Hatukuwa na michoro wala rula za kitaalamu. Tulipima injini ya kweli kwa kamba ya katani, kamba moja kwa injini moja, tukifunga fundo pale kitu kinapoanza au kinapoishia: fundo la bafa, yaani chuma cha mbele kinachogusana na behewa, fundo la boneti, fundo la ukingo wa dirisha la dereva, fundo la paa. Kisha dukani kila dhiraa ya kamba, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, tuliigeuza kuwa upana wa ukucha wa kidole gumba kwenye bati. Dhiraa moja, ukucha mmoja. Kamba haikutupwa, ilitundikwa, na injini iliyorudi kwangu mwenyewe alipofariki au kuhama niliiweka juu ya kamba yake.

Injini ya kwanza tuliyotengeneza pamoja iliagizwa na karani mmoja wa ofisi za serikali. Rajabu alitengeneza nusu ya mbele, mimi nusu ya nyuma, tupate kumaliza haraka. Tulipoziunganisha, nyuma ilikuwa imesinyaa, kana kwamba injini imeugua kuanzia kiunoni. Tulitafuta kosa asubuhi nzima, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa adabu. Ndipo Rajabu akaweka kidole gumba chake kando ya changu. Ukucha wake ulikuwa mpana kama kijiko cha chumvi, na wangu, mnauona, ni wa mtu aliyezaliwa na vidole vyembamba. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka. Kisha akakata kipande cha shaba sawasawa na ukucha wake, akanipa. "Sasa sote tuna ukucha mmoja," alisema. Kipande hicho kimo mfukoni mwangu ninapoandika.

Neno jingine alilonipa sikulishika mapema, na laiti ningalilishika. Aliniambia siku moja nikiwa ninaipendezesha bafa isiyohitaji kupendezeshwa: "Jicho linapenda, Makokha. Kamba haimpendi mtu."

Ninyi mnaziagiza injini zenu kwa simu, zinakuja zimefungwa vizuri, kisha mnazipaka rangi mnayotaka. Sina neno. Lakini nisikilizeni kwenye mambo mawili matatu. Rangi nzito ni uvivu. Paka nyembamba mara tatu. Na hapa Kakamega paka asubuhi, kwa sababu mvua yetu ni ya alasiri na hewa yake hufika kabla yake. Ukipaka baada ya kula mchana utaona malengelenge. Chuma cha kulehemea kikipoa usikilazimishe, kirudishe motoni. Na mkitaka kuipendezesha injini ya mtu, mwambieni mwenyewe kwamba hapa nimependezesha, na mwandike chini yake. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu, na halikunigharimu mimi tu.

Karibu na stesheni moja ya huko Lugari kulikuwa na kampuni ya mbao yenye reli yake fupi, na shanta moja ya dizeli ya kuvutia mabehewa ya magogo. Kampuni hiyo ilifungwa zamani, na jina lake halina kazi hapa. Dereva wa shanta hiyo aliitwa Ashioya, mtu mrefu, mpole, aliyepanguza injini yake kila jioni kama mtu anayemwosha ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amepata shamba Lumakanda walipogawiwa watu mashamba, na jirani yake upande wa chini alikuwa mwenzake wa kazi, Barasa, aliyefunga minyororo ya mabehewa. Ashioya aliniita nije niipime injini yake. Nilikwenda nikakaa siku mbili.

Barasa ndiye aliyenishikia ncha ya pili ya kamba. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye nguvu mikononi. Tulipofika kwenye boneti nilikuwa juu nimeshika kamba kwa mikono yote miwili, basi nikamwomba afunge fundo yeye. Alilifunga kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, mizunguko mitatu na kitanzi kimerudi ndani. Kisha akasimama mbele ya bafa, akajinyoosha, akacheka.

"Ona hii boneti, fundi," alisema. "Mimi nikisimama hapa, Ashioya hanionangi hata nikivaa kofia. Mpaka nipige filimbi kwanza ndiyo ajue niko."

Nilicheka pamoja naye. Nilirudi Kakamega na kamba yangu, nikachukua kijigari cha kijani kilichobaki kwenye sanduku la mnada, nikaanza kazi. Boneti ya kijigari kile ilikuwa ya chini, imelala vizuri. Kamba ilisema iinuliwe ukucha mmoja. Nilijaribu kuiinua kwa karatasi nione, nikaona injini imekuwa kama ng'ombe mwenye nundu. Ilinikera. Nikaitoa karatasi, nikaiacha boneti jinsi ilivyokuwa, nikaweka namba, nikaweka madirisha, nikapaka rangi mara tatu. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyokuwa nimeitengeneza.

Ashioya alipokuja kuichukua aliishika kwa mikono miwili. "Boneti iko chini kidogo, ama?" aliuliza. Nilimjibu, "Hivi imependeza." Akaitazama tena, akasema ni kweli imependeza, akaenda nayo nyumbani.

Haukupita mwaka. Ashioya na Barasa walikosana juu ya mpaka wa mashamba yao, wakajibizana mbele ya watu sokoni, maneno ambayo majirani huyasema kisha wakasahau. Hawakupata nafasi ya kusahau. Siku moja ya mvua kubwa, bati la kiwanda likipiga kelele, Barasa aliingia mbele ya shanta kufunga mnyororo, na shanta ikasogea. Kama alipiga filimbi, mvua iliimeza. Alikufa pale pale.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika kwamba ni ajali. Lakini karatasi ya polisi haiingii jikoni kwa mtu. Watu walikumbuka ugomvi wa mpaka. Walisema Ashioya alikuwa ameketi juu, injini ni yake, macho ni mazima, itakuwaje asimwone mtu mzima? Mwishowe chifu aliita baraza, wazee wa pande zote mbili wakae waulizane, ili jambo lisije likazaa jingine. Wakati huo kampuni ilikuwa imefungwa na injini yenyewe imeuzwa mbali. Hakuna aliyeweza kupanda akaketi mahali pa dereva akatazama.

Ashioya alikuja na shahidi wake amemfunga kwa kitambaa. Shahidi huyo alikuwa injini ile ya kijani, kazi ya mikono yangu.

Nilikuwepo, kwa sababu aliomba niitwe. Asubuhi hiyo, tukingoja wazee waketi, niliwaonyesha watu kazi yangu nikajisifu kwamba hakuna hata riveti moja iliyokosekana. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa ameniagiza injini tatu za kufundishia alikuwa ameketi mbele, anaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja wa ukoo wa Barasa akatoa wazo. Walivunja kijiti cha kiberiti kikawa kimo cha mtu, wakakisimamisha mbele ya bafa. Wakachukua uzi, ncha moja kwenye dirisha la dereva, ncha nyingine kwenye kichwa cha kijiti, wakauvuta.

Uzi ulipita juu ya boneti bila kuigusa.

Watu walinong'ona. Mama yake Barasa, aliyekuwa ameketi chini na wanawake wengine, aliinamisha uso kwenye magoti. Ashioya alisimama. "Boneti yenyewe ilikuwa juu kuliko hii," alisema. "Mimi nilimwambianga fundi. Muulizeni, huyu hapa."

Chifu akanigeukia. "Fundi, ulipima?"

"Nilipima."

"Na hii iko sawa na ile yenyewe?"

Vijana, nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu la kwa nini nilisema nilichosema. Nilimsikia Barasa akicheka mbele ya bafa. Nililiona fundo lake. Lakini niliona pia uso wa mwalimu mkuu, na nilikuwa nimetoka kujisifu. Nikajiambia ni ukucha mmoja tu. "Iko sawa," nikasema, nikaketi. Nilikuwa mwoga, na hakuna neno jingine la kuliita.

Wazee hawakumwita Ashioya muuaji. Walisema tu kwamba aliona, na kwamba mpaka akiri, nyumba yake kwa upande mmoja, na nyumba ya Barasa na majirani wote kwa upande wa pili, hawatashikana mikono, hawataonjana chakula, hawatazikana. Ashioya hakujitetea tena. Alitoka, akaiacha injini pale mezani. Chifu alinirudishia mimi, nami nikaipandisha kwenye rafu, juu ya kamba yake.

Na hapa kuna jambo ninaloona haya kuliandika. Biashara ilikua. Watu walitoka mbali kuja kuiona injini iliyotoa ushahidi. Walisema, huyu ndiye fundi ambaye kazi yake inaaminiwa barazani. Nilipata maagizo mpaka nikashindwa kuyamaliza.

Rajabu alikuja siku moja mchana. Alitoa salamu yake, nikaijibu kamili. Hakuketi. Aliishusha injini ya kijani, akaishusha kamba kutoka kwenye msumari wa nane, akaweka ukucha wa kidole gumba chake kwenye bati, akaanza kuhesabu, dhiraa kwa ukucha, fundo kwa fundo. Alipofika kwenye boneti alisimama, akarudia. Kisha akairudisha kamba mahali pake, polepole.

"Kamba inasema nini, Makokha?"

Nilishika mkasi, nikakata bati lisilohitaji kukatwa.

"Sitakusemea," alisema. "Mimi sikupima. Ulipima wewe." Akatoka bila kuaga, mtu ambaye hakuwahi kutoka mahali bila kuaga. Vibanda vyetu vilikuwa hatua kumi kutoka kimoja hadi kingine, na kwa misimu miwili ya mahindi hakukanyaga kwangu.

Siku zikapita, nami nikaziacha zipite. Nilijiambia nitakwenda mvua zikiisha, zikaisha. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu. Habari niliiletewa na mteja aliyetoka Lumakanda, akaisimulia tu kama habari, huku akichagua rangi. Mama yake Ashioya alikuwa amefariki. Mnajua kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe. Hakuna jirani aliyekuja. Ashioya alichimba kaburi la mama yake mwenyewe, peke yake, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na waliokuja kumzika mama yule walikuwa watu wa nyumbani kwake tu. Baada ya hapo aliliacha shamba, akaenda kwa wajomba zake Matungu kupalilia miwa ya watu.

Mteja alisema, "Ile ya bluu itanifaa." Nikamwambia duka limefungwa.

Siku iliyofuata niliitoa kamba ya nane, nikaikunja ndani ya mfuko wa koti, nikapanda lori la mahindi hadi Lumakanda. Nilikwenda kwa chifu kwanza. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Akasema, "Haya yote utayasema kwa huyo mama, si kwangu." Alituma mtu Matungu. Tulingoja siku mbili mpaka Ashioya alipofika, na katika siku hizo hakuna aliyenikaribisha chakula, nami sikukitarajia.

Tulikutana uwanjani kwa Mama Barasa, mbele ya ghala lake la mahindi. Wazee walikuwepo wale wale. Nilisema kila kitu: karatasi niliyoijaribu, nundu niliyoiogopa, swali la chifu, jibu langu. Nikasema na maneno ya Barasa, kuhusu kofia na filimbi. Ukoo wa Barasa ulianza kunung'unika, na ulikuwa na haki. Mzee yule wa uzi alisema, "Jana ulisema hivi, leo unasema hivi. Maneno ya marehemu unayaweka wewe mdomoni mwake. Na kamba mtu anawezanga kuifunga upya usiku mmoja."

Nilikuwa nimeyaharibu maneno yangu mwenyewe, na mtu akishafanya hivyo hata ukweli wake hunuka.

Mama Barasa alinyoosha mkono. "Leta hiyo kamba."

Alikuwa mama mfupi, macho yameanza kupoteza nguvu, kwa hiyo aliipitisha vidoleni. Alipita fundo la bafa. Alipofika kwenye fundo la pili vidole vyake vilisimama. Alilishika, akaligeuza, akalishika tena.

"Hii hakuifunga fundi," alisema. "Hii ni fundo ya kufunga ndama. Baba yake ndiye alimfundisha Barasa. Hata huyu mdogo wake haijui." Akanitazama. "Iko ya nini hii?"

"Ni ya boneti, mama. Urefu wa boneti kutoka chini."

Mama Barasa akaamuru kama mtu anayepanga kazi za shamba. Wakasimamisha miti miwili, wakaning'iniza blanketi kati yake, ukingo wa juu ukiwa sawa na fundo la Barasa. Wakapima urefu wa boneti kwenda nyuma kwa sehemu iliyobaki ya kamba, na hapo wakaegemeza ngazi ya ghala, wakaweka alama kwenye kidato kulingana na fundo la dirisha. Kijana wake mdogo, Wafula, ambaye watu husema alifanana na kaka yake kimo na mabega, alisimama upande wa pili wa blanketi, hatua moja, pale anaposimama mfunga minyororo. Wazee walitaka kupanda. Mama Barasa alikataa. Alipanda mwenyewe, akishikwa kiuno na wake wa wanawe, mpaka macho yake yakafika kwenye alama.

Alitazama chini, ng'ambo ya blanketi.

"Wafula," akaita, "uko hapo?"

"Niko hapa, mama."

Aliangalia tena, akajinyoosha kidogo kama dereva anavyojinyoosha.

"Simwoni," akasema. "Mtoto yuko hapo na simwoni."

Alishushwa. Alimpita kila mtu, akaingia jikoni, na tukasikia kuku akikamatwa. Tuliketi pale mpaka chakula kikaiva, Ashioya anatazama ardhi. Mama Barasa alitoka na obusuma, yaani ugali, kisha na ingokho, kuku yule, kwenye sahani yake. Kwetu mnajua firigisi ya kuku haipewi mtu ovyo; ni ya mwenye heshima katika kikao. Aliichukua kwa mkono wake, akaipita mezani kwa wazee, akamwekea Ashioya mbele yake.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mimi ndiyo nimekaa hapo juu, na mimi sikumwona."

Ashioya alijaribu kula akashindwa, akajaribu tena. Alilia huku anatafuna. Wazee wakaanza kunyoosha mikono kwenye sahani ile ile, mmoja baada ya mwingine. Mimi niliwekewa chakula pia, mbali kidogo, na nilikula nikikikosea adabu kwa machozi.

Jioni nilimfuata Ashioya njiani. Nilimwambia nitaitengeneza boneti, nitamletea injini yake, sitachukua kitu. Alisimama akaniangalia bila chuki, na hilo lilinichoma zaidi.

"Kaburi la mama nilichimba peke yangu, Makokha," alisema. "Hiyo hauwezi kurudisha. Injini kaa nayo. Ukiiangalia utapimanga vizuri."

Nilirudi Kakamega, nikaikata boneti, nikaiinua ukucha mmoja kwa bati la debe. Sikuipaka rangi, ili mimi mwenyewe nisije nikasahau ilikuwa wapi. Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua injini zake, zilizocheleweshwa na wingi wa maagizo, nilimweleza, akazichukua mbili na kuacha moja, na maagizo yakapungua kwa muda mrefu. Rajabu aliingia siku hiyo hiyo, akaona boneti, akatoa salamu yake kamili na kuketi.

Kamba sikurudi nayo. Nilipokuwa nikiaga nilimnyooshea Mama Barasa mkono kwamba anipe, kwa mazoea tu, kama fundi anayekusanya vifaa vyake. Alikuwa ameikunja ikabaki fundo moja tu nje, na alikuwa amelishika kwa kidole gumba.

"Hii inabaki," aliniambia. "Wewe unayo misumari mingi."

Basi, kijana mwenye kofia, rudi. Chai ipo, na kofia yako nitaishika mimi mwenyewe mpaka utakapoondoka.